SARAFU ZA DHAHABU NA MIKONO ILIYOZICHORA

Dhahabu ikisha kuyeyushwa haina ukoo. Jana ilikuwa pete ya bibi arusi, juzi ilikuwa jino la tajiri, mwaka jana ilikuwa sarafu ya mfalme. Ikitoka katika chungu cha sonara yote ni kitu kimoja. Sonara huitia katika mizani, akataja bei yake kwa gramu, na mazungumzo yamekwisha. Hata hivyo wako watu ulimwenguni ambao, wakiletewa sarafu ya kale ya dhahabu yenye uzito wa gramu 7 hivi, huinunua kwa bei inayopita mara nyingi bei ya dhahabu iliyomo. Je, watu hao wamepungukiwa na akili? La, hasha. Wanalipia vitu vitatu ambavyo mizani haivioni: uchache wa sarafu hiyo, picha iliyopigwa juu yake, na habari inayofuatana nayo.

Wasomaji wapenzi, napenda kuwaeleza habari za picha hizo: zilitoka wapi, nani aliyezichonga, na kwa nini alichonga hivyo na si vinginevyo. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Afrika ya Mashariki ina sarafu za dhahabu zinazojulikana kwa wakusanyaji wa dunia nzima, na moja kati ya hizo ni ya zamani zile ambapo Burundi yetu ilikuwa chini ya serikali moja na Tanganyika.

JINSI PICHA INAVYOINGIA KATIKA DHAHABU

Kwanza yafaa tuielewe kazi yenyewe. Sarafu hazichorwi moja moja. Fundi huchukua vipande viwili vya chuma kigumu, na juu ya kila kipande huchonga picha ya upande mmoja wa sarafu. Huichonga kinyume, kama maandishi yaonekanavyo katika kioo. Na kila mahali panapotakiwa kuinuka katika sarafu, yeye hupachimba. Vipande hivyo viwili ndivyo chapa. Baadaye kipande bapa cha dhahabu, kilichokatwa mviringo na kupimwa uzito wake, huwekwa kati ya chapa hizo na kupigwa kwa nguvu. Zamani kilipigwa kwa nyundo. Baadaye zikaja mashine. Pigo likisha, dhahabu imejaa katika kila shimo lililochimbwa na fundi, na picha imetokea pande zote mbili.

Kwa hiyo sarafu elfu ni alama elfu za mkono mmoja. Tindo ikiteleza kidogo tu, kosa hilo litaonekana katika sarafu zote. Chapa ikipasuka hapana budi kuchonga nyingine, na ile ya pili haitafanana kabisa na ya kwanza. Ndiyo sababu mkusanyaji mzuri hutazama sarafu kwa kioo cha kukuza. Watu wengine humwona kama mtu anayepoteza saa zake, kumbe yeye anamtafuta fundi.

KILWA: PICHA ILIYOKUWA MANENO

Mji wa Kilwa, katika pwani ya kusini ya Tanzania, ulitengeneza sarafu zake wenyewe miaka mingi kabla ya Wareno kufika mwaka 1500. Nyingi zilikuwa za shaba. Lakini mwaka 1991 mtaalamu mmoja, Helen Brown, aliandika habari za sarafu tatu za dhahabu zenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa katika karne ya 14. Huyu ndiye Sultani aliyekuwa na sifa ya ukarimu wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na ndiye anayehesabiwa kuwa alijenga jumba kubwa la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yako mpaka leo juu ya bahari.

Ukizitazama sarafu za Kilwa hutaona uso wa mtu wala mnyama. Utaona maandishi ya Kiarabu tu. Pengine utasema, “Basi fundi huyu hakujua kuchora.” Usihukumu upesi. Desturi hiyo ina asili yake. Waarabu walipoanza kupiga sarafu za dhahabu, mwanzoni waliiga zile za Warumi wa Mashariki, zenye sura za wafalme. Lakini mnamo mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 au 697, Khalifa Abd al-Malik wa Damascus aliziondoa sura hizo, akaweka maneno ya dini badala yake. Tangu hapo, katika nchi nyingi za Kiislamu, uzuri wa sarafu ukawa uzuri wa mwandiko. Fundi aliyetaka kuonyesha ustadi wake aliuonyesha katika kupinda herufi, kuzirefusha na kuzipanga zijae vizuri katika duara dogo.

Watu wa Kilwa wakaongeza jambo ambalo kila Mswahili mpenda mashairi atalifurahia. Katika sarafu zao, upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na upande wa pili una jina la Sultani. Na maneno ya pande hizo mbili yana vina! Ukisoma upande wa kwanza kisha ukaigeuza sarafu, mwisho wa jina la Sultani huitikia mwisho wa yale maneno ya kwanza. Ni kama shairi la mistari miwili ambalo mtu aliweza kulitia mfukoni akaenda nalo sokoni.

Na dhahabu yenyewe? Biashara ya dhahabu ya Kilwa ilitegemea Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ambako dhahabu ilifika kutoka nyanda za juu za Zimbabwe. Hili si neno la kubahatisha: katika magofu ya Great Zimbabwe ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la Sultani huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu ndogo hiyo ni ushahidi wa safari ndefu kati ya bara na bahari.

SARAFU ZINAZOTOA USHAHIDI

Hapa pana jambo kubwa ambalo sipendi mtu alipite mbio. Katika kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walichimbua akiba ya sarafu iliyofichwa ardhini. Zilikuwamo sarafu za fedha zaidi ya 2000, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa pwani. Sarafu hizo za fedha hazikuwa na miaka. Nani angeweza kusema ni za karne gani? Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za Waarabu, na dinari zile ziliandikwa miaka yake. Kwa hizo dinari wataalamu walijua kwamba akiba ile ilifichwa katika karne ya 11 au baada yake kidogo, na kwamba watu wa pwani walipiga sarafu zao za fedha zamani hizo.

Sasa fikirini. Kama akiba hiyo ingaliokotwa na mtu mwenye haraka, angalifanya nini? Bila shaka angalizichukua dinari za dhahabu akazipeleka kwa sonara, na zile za fedha angaliziuza kidogo kidogo huku na huko. Angalipata fedha za matumizi ya miezi michache, na historia ya Pemba ingalipotewa na shahidi wake. Zile dinari chache zilifaa kuliko uzito wake kwa sababu zilikutwa pamoja na wenzake, mahali pake, na mtu akaandika.

UNGUJA: MWANDIKO WA MASHARIKI, MASHINE YA ULAYA

Baada ya Kilwa kuanguka, watu wa pwani walitumia sarafu za wageni kwa muda mrefu: reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, na rupia kutoka Bara Hindi. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alitaka sarafu zenye jina lake mwenyewe. Zikapigwa huko Brussels, Ubelgiji, zenye mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Zilikuwako riali za fedha, na pia sarafu za dhahabu za riali 5 na za riali 2 na nusu. Hizi za dhahabu ni adimu sana leo, na wakusanyaji huzitafuta kama mganga atafutavyo mzizi.

Picha yake ni ipi? Ni maneno tena: jina la Sultani na baba yake, kwa mwandiko mzuri wa Kiarabu. Pesa zake za shaba, ambazo watu wa kawaida walizishika kila siku, zilichongwa picha ya mizani. Tazameni jinsi alama hiyo inavyofaa! Hapana sura ya mtu wala ya mnyama, kwa hiyo desturi haikuvunjwa. Tena kila mtu, ajuaye kusoma na asiyejua, huielewa mizani. Ni neno la haki sokoni lisilohitaji herufi.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuja, kampuni yao ilipiga sarafu tangu mwaka 1890. Rupia yao ya fedha ilikuwa na sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita, na upande wa pili simba mbele ya mnazi. Lakini katika pesa zao za shaba waliandika Kiarabu upande mmoja. Walijua kwamba katika pwani hii sarafu isiyosema kwa mwandiko ule ingaliwatia watu mashaka. Tangu 1904 rupia iligawanywa katika heller 100, na kutoka katika heller hiyo Waswahili wamepata neno “hela”, nasi Warundi twasema “amahera” mpaka leo. Utawala ule umekwisha tangu zamani, lakini neno lake halijatoka vinywani mwetu.

TABORA: TEMBO WA WAKATI WA VITA

Sasa nimefika kwenye sarafu inayonivutia kuliko zote. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani ya koloni la Wadachi. Meli za kuleta sarafu kutoka Ulaya hazikupita tena. Watu walizificha rupia zao za fedha, kama watu wote wafanyavyo wakati wa hatari. Serikali ikachapa noti za karatasi huku huku Afrika, lakini wengi hawakuziamini. Nani atakubali karatasi ya mtu ambaye huenda kesho akafukuzwa?

Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wadachi wakaanza kupiga sarafu wenyewe. Walipiga za shaba za heller 5 na heller 20, na pia wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, ambayo sasa ni sehemu ya mkoa wa Singida. Sarafu hii ina uzito wa gramu 7.168, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo dhahabu safi ni sehemu 750. Zilipigwa 16,198 tu.

Upande mmoja una tai wa dola ya Wadachi mwenye taji juu yake, na maneno ya Kidachi yanayotaja koloni na thamani. Tai huyo amesimama wima, mabawa ameyakunjua kama nguo zilizoanikwa. Ni alama iliyonakiliwa kutoka vitabu vya serikali. Lakini geuza upande wa pili. Hapo yuko tembo, mkonga ameuinua, na nyuma yake pana mlima, ambao huelezwa kuwa ni Kilimanjaro. Chini pana mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Tembo huyu hakutoka katika kitabu cha serikali ya Berlin. Ametoka katika nchi.

Ni nani aliyechonga chapa zake? Wakusanyaji husimulia kwamba alikuwa sonara wa Kisinghala, mtu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Masonara wa huko wamesifika tangu kale, nao walifanya kazi katika miji mingi ya pwani yetu. Ceylon ni nchi ya tembo, kama Afrika. Basi tuone ajabu hii: fedha ya Wadachi, dhahabu ya Wanyiramba, mkono wa Mceylon, karakana ya reli katika mji wa Wanyamwezi. Tai ana jina la dola yake pembeni. Tembo hana jina la aliyemchonga.

Na mlima ule una habari nyingine ya kutafakari. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi, chini ya Kilimanjaro. Kwa hiyo katika mwaka ule ule ulioandikwa juu ya sarafu, mlima ulioonyeshwa juu yake haukuwa tena mikononi mwa waliotoa sarafu hiyo. Upande wa magharibi majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita Rwanda na Burundi, na tarehe 19 Septemba 1916 yakaingia Tabora. Karakana ikanyamaza. Sarafu nzima ya tembo, toka ya kwanza hata ya mwisho, ni kazi ya miezi michache katika mji uliokuwa ukikaribiwa na adui.

Hata hivyo walihitaji chapa zaidi ya moja. Wakusanyaji wametambua aina mbili za sarafu hii: katika aina moja, pambo lililo upande wa tai huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine huishia chini ya herufi A. Tofauti ni ndogo kama upana wa uzi. Lakini kwayo twaona kwamba fundi alirudi mezani pake, akashika tindo mara ya pili, na mkono wa binadamu haukuweza kurudia kazi yake sawasawa.

NEW YORK: MSANII MWENYE JINA

Mpaka hapa nimetaja mafundi wasioandikwa majina. Hebu sasa tutazame sarafu ambayo msanii wake anajulikana kila mahali, tuone kama habari zake zilitunzwa vizuri zaidi.

Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, aliona kwamba sarafu za nchi yake hazina uzuri. Yeye alipenda sarafu za Wayunani wa kale, ambazo picha zake ziliinuka sana. Akamwomba mchonga sanamu mashuhuri, Augustus Saint-Gaudens, atengeneze sarafu mpya ya dhahabu ya dola 20. Saint-Gaudens alifinyanga kielelezo kikubwa. Kisha mashine yenye mkono mrefu ilikipapasa kielelezo hicho na kuichonga picha ile ile, kwa udogo wa sarafu, katika chuma. Upande mmoja ni mwanamke anayekuja mbele, ameshika mwenge na tawi la mzeituni. Upande wa pili ni tai anayeruka juu ya jua. Msanii alikufa mwezi wa Agosti 1907, kabla watu hawajaanza kuzitumia sarafu zake. Picha iliinuka mno hata mashine ilihitaji kuipiga dhahabu mara kadhaa, na sarafu hazikuweza kupangwa moja juu ya nyingine benki. Ikabidi picha ipunguzwe kimo. Twaona kwamba sarafu ina mabwana wawili, uzuri na kazi, na mara nyingi kazi hushinda.

Lakini yule mwanamke ni nani? Miaka michache nyuma Saint-Gaudens alikuwa ametengeneza sanamu ya mwanamke mwenye mabawa kwa ukumbusho wa Jenerali Sherman, uliofunguliwa New York mwaka 1903. Aliyesimama mbele yake ili atazamwe katika kazi hiyo alikuwa Hettie Anderson, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika kutoka jimbo la South Carolina, na kutoka umbo hilo msanii alipata mwanamke wa sarafu yake. Kwa miaka mingi watu walimtaja msanii na Rais, wakamsahau yeye. Kumbe hata pale ambapo jina la msanii limeandikwa, lazima mtu aulize mara ya pili.

Sarafu hiyo ya dola 20 yafundisha pia jinsi uchache unavyotokea. Mwaka 1933 zilipigwa 445,500, lakini serikali ilikuwa imeamua kuondoa dhahabu katika matumizi ya watu, na karibu zote zikayeyushwa. Moja tu iliruhusiwa na serikali kumilikiwa na mtu binafsi. Mwaka 2021 iliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 18. Dhahabu iliyomo ni gramu 30 hivi.

YATUPASAYO SISI WANAFUNZI

Baadhi ya wenzangu husema, “Hayo ni mambo ya matajiri. Sisi tutapata wapi sarafu ya dhahabu?” Ni kweli. Hata Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 na kutoa sarafu za dhahabu zenye sura ya Mwami Mwambutsa wa Nne, hazikutolewa kwa ajili ya kununua mihogo. Vivyo hivyo Tanzania ilipotoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1500 mwaka 1974, yenye picha ya duma, kwa ajili ya kuhifadhi wanyama wa porini. Hizo zilikuwa za wakusanyaji.

Lakini kukusanya si lazima kuanze na dhahabu. Shilingi ya zamani ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ina simba mzuri mbele ya milima, nayo haina bei kubwa. Senti kumi yenye tundu ina pembe za ndovu kulizunguka tundu lake. Linganisha na sarafu ya Tabora: kule tembo mzima, akiwa hai na mkonga juu, hapa pembe tu. Mtu atazamaye hivyo amekwisha anza kazi, hata kama mfukoni ana sarafu mbili.

Atakayependa kuanza, nampa mashauri haya machache.

Kwanza, usisugue sarafu ya kale kwa mchanga, majivu wala dawa yo yote ili ing’ae. Ukisugua unaifuta ile mistari midogo iliyochongwa na fundi, na thamani yake huondoka pamoja nayo. Ishike ukingoni, usiishike usoni.

Pili, pima. Dhahabu safi ni nzito mara 19 na zaidi kuliko maji ya ujazo ule ule; shaba iliyopakwa dhahabu haifiki hata mara 10. Pima sarafu kwanza katika hewa, kisha ikiwa imening’inizwa ndani ya maji, kama tufundishwavyo katika fizikia, nawe utamjua mwongo. Sarafu za Tabora zimeghushiwa mara nyingi, na wengi wamelipia shaba kwa bei ya dhahabu.

Tatu, andika. Sarafu imetoka kwa nani, lini, mahali gani, ilikutwa pamoja na kitu gani? Weka karatasi juu ya sarafu, sugua taratibu kwa penseli laini, na picha itatokea. Kwa njia hiyo unaweza kupata picha ya sarafu ya jirani bila ya kuinunua.

Nne, usichimbe. Magofu ya kale yanalindwa na sheria. Huko Tanzania, kwa mfano, iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukiokota sarafu baada ya mvua, acha alama mahali hapo, ukapeleke habari kwa wakubwa wa serikali au wa jumba la makumbusho. Kumbukeni zile dinari za Mtambwe Mkuu.

Wako wazee wetu ambao katika masanduku yao kuna kijisarafu kilichofungwa katika kitambaa, urithi wa babu aliyekuwa askari au mpagazi katika vita vya 1914. Yawezekana ni heller ya shaba isiyo na bei. Yawezekana ni tembo wa Tabora. Njaa ikiingia nyumbani, au karo ya shule ikikosekana, kitambaa hicho hufunguliwa, na mtu wa kwanza kufikiriwa ni sonara. Simlaumu mzee mwenye shida. Mtoto aliyesomeshwa ni bora kuliko dhahabu iliyofungwa. Nasema tu kwamba, kabla hajaenda, mjukuu wake anayejua kusoma aombe aitazame. Aitazame pande zote mbili, aipime, aisugue kwa penseli, amwulize mzee ilitoka kwa nani na aliipataje, ayaandike majibu yake yote. Hapo ikiuzwa, iuzwe kwa mtu aijuaye, kwa bei yake ya haki. Na kama itayeyushwa, mzee akisha kufa na mwenye duka akisha kuhama, daftari la mjukuu litakuwa bado linasema.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho